Hodi ya Nne

Doria ilisema Mzee Hoza amekufa. Mzee Hoza mwenyewe alikuwa chumba cha pili anakunywa uji wa ulezi, mkewe akimfuta kidevu kwa ncha ya kanga.

Tunu Shemboza aliukodolea macho ule mstari mwekundu kwenye skrini yake nyeusi. Akaandika amri upya, akabonyeza. Mistari ikaanza kuteremka kama ilivyozoea, kila mwenzi na jina lake, hali yake na ulaji wake wa mashine. Huyu mzima, anakula kiasi. Huyu mzima, amelala. Huyu mzima, anakula kidogo. Kufika kwa Hoza, wekundu ule ule: hodi tatu, hakuna jibu, mfu, anakula kupita wote.

"Mfu gani huyo mwenye njaa namna hiyo?" Tunu aliiuliza skrini. Programu ile ya doria aliiandika yeye mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa hiyo hata wa kumgombeza hakuwepo.

Mwenzi si mtu, ingawa kule milimani Lushoto watu walishazoea kumsalimia. Ni programu iliyoishi kwenye mashine za Nyumba ya Wenzi, ikizungumza bila waya na wavu mwembamba ulioshonwa ndani ya kichwa cha mgonjwa. Kiharusi au ajali huvunja daraja baina ya fikra na ulimi. Mwenzi husimama penye pengo akavusha maneno. Huanza hajui kitu. Hujifunza kwa mtu wake mmoja tu, taratibu, mpaka anazijua pumzi zake na namna anavyokatiza maneno akikasirika. Na hanakiliki. Walijaribu zamani kuhifadhi nakala, ikawa kama moto wa jikoni: ukishauzima, utakaouwasha ni mwingine. Ubongo wa mtu wa umri wa Hoza haukuwa na nguvu tena ya kumzoea mwenzi mgeni. Mwenzi wake akifutwa, Hoza amekata kauli maisha.

Na Hoza bila kauli, jamani! Huyu ndiye aliyekuwa dalali wa mnada wa mboga kule Soni. Watu walikuwa wanakwenda mnadani hawana haja ya kabichi, wanakwenda kumsikiliza yeye akiisifia. Kiharusi kikamnyamazisha, mwenzi akamrudishia ulimi, na tangu hapo wodi nzima haikupata raha wala karaha ambayo Hoza hakuitolea maoni. Alimkosoa mpishi, akawatania wauguzi, akamfundisha mgonjwa wa kitanda cha jirani kutongoza. Kisha mwezi uliopita akashikwa na homa, akanyamaza. Homa ikaisha. Kimya hakikuisha.

Mlango ulifunguliwa, akaingia Daktari Mbelwa, mkuu wa Nyumba, mikono mifukoni. Alikuwa mama wa makamo asiyependa kukaa. Habari mbaya na nzuri zote alizitoa amesimama.

"Umeamua?"

"Bado, Daktari."

"Alasiri, Tunu. Dawa ya Elineema haivuki hapo."

Elineema alikuwa mwalimu wa chekechea kutoka Mlalo. Aliteleza kwenye ukingo wa njia wakati wa mvua, kichwa kikapiga jiwe, akaamka anaelewa kila kitu na hawezi kusema hata jina lake. Dawa aliyokuwa akichomwa ilizuia kovu lisifunge ubongoni. Ikiisha nguvu, kovu linafunga, na wavu haushiki tena. Angepasuliwa zamani, ila mashine zilikuwa zimejaa pomoni, na kabati la mashine mpya lilikuwa limekwama Mombo kwa sababu mlima ulikuwa umeshuka juu ya barabara. Nafasi ya mwenzi mpya ilikuwa moja tu, ile aliyoikalia Hoza.

"Doria inasema amekufa," Daktari alisema.

"Inasema hajajibu."

"Uliiandika wewe, mama. Asiyejibu ni mfu. Tukakupigia makofi, ukala keki."

Tunu alihisi masikio yakiwaka moto. Ilikuwa kweli. Doria ya zamani ilikuwa kama mlinzi mvivu, inapita mara chache na kulala. Siku moja mwenzi wa Bi Mkunde alikwama usiku, na hakuna aliyejua akamnasue mpaka kulipokucha. Bibi wa watu alikuwa amelala na tumbo linamkata, hawezi kuita hata paka. Tunu alilia siku ile mpaka akaona haya. Ndipo akaiboresha doria ipite bila kupumzika, ikimbishia kila mwenzi hodi. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama alivyofundishwa na bibi yake. Asipojibu, mstari unageuka mwekundu. Alijisikia fahari kuitia mashine adabu za nyumbani.

"Basi tuchungulie," Daktari alisema, sauti imeshuka. "Ufunguo wangu na wako. Tuone kama mna kitu ndani."

Amri hiyo ilikuwepo, na wote wawili walikuwa wameapa kutoitumia. Kumchungulia mwenzi ni kuyaona maneno ya mtu kabla mwenyewe hajaamua kuyasema: matusi aliyoyameza, majina aliyoyaficha, mambo anayomwambia Mungu wake. Kituo kimoja cha mbali kiliwahi kuchungulia, kwa nia njema kabisa. Ndoa zilivunjika, na mgonjwa mmoja akaomba ang'olewe wavu, akaona heri akae bubu kuliko kuishi uchi.

"Siwezi bila ruhusa," Tunu alisema.

"Hoza hawezi kuitoa."

"Mkewe?"

Daktari alishika kitasa cha mlango. Uso wake ulikuwa umechoka, na Tunu akakumbuka kwamba huyu ndiye atakayesimama mbele ya mmoja kati ya wagonjwa wawili akamwambia pole. "Mwulize," Daktari alisema. "Lakini usinipotezee siku. Nina binti kule ambaye bado anaweza kurudishiwa sauti."

Alipotoka, Tunu alirudi kwenye mistari yake. Alisoma programu nzima tangu juu, akitafuta mahali alipokosea hesabu, na alizama humo mpaka chai ikapoa pembeni na dunia ikatoweka. Mtu angepiga ngoma mlangoni asingesikia. Alipoinua kichwa shingo ilikuwa imekakamaa. Akakumbuka alichotumwa, akatoka mbio, na nusura amkanyage Bi Zawena, mke wa Hoza, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango wake, kanga imekunjwa vizuri mapajani.

"Shikamoo, mama! Umekaa hapa tangu lini?"

"Marahaba, mwanangu. Tangu muda."

"Mbona hukuingia? Mlango haukufungwa."

Bi Zawena alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini hakupanda juu ya meza. "Nilipiga hodi tatu, hukuitika. Ningeingiaje?"

Tunu alikaa kando yake. Aliona aibu kidogo kwa kuwa alikuwa na neno gumu la kusema na hakujua pa kulianzia, kwa hiyo alilisema lote kwa mkupuo: nafasi, Elineema, alasiri, kuchungulia. Bi Zawena alisikiliza akiikunja na kuikunjua ncha ya kanga.

"Huyo mwalimu nimemwona," alisema hatimaye. "Mtoto mzuri. Ana macho ya kuongea." Akaiachia kanga. "Nisikilize. Mume wangu alikuwa anasema mchana kutwa mnadani, na akirudi nyumbani anaendelea. Watu wakinionea huruma, wakidhani sina hata nafasi ya kupumua. Lakini yapo mambo aliyokuwa hanambii. Nayajua kwa namna alivyokuwa akikaa peke yake kibarazani. Hayo ni yake. Sijawahi kupekua hata mfuko wa koti lake, nimwingie kichwani?"

"Kwa hiyo nimfute?"

Lilimtoka kabla hajalipima. Bi Zawena alishtuka, na machozi yakamjaa, ila sauti yake ilibaki pale pale.

"Mimi nimesema hivyo? Hoza yumo. Mimi namlisha, mimi najua. Nikimwambia uji una moto, ananipulizia kijiko. Huyo ni mfu?"

"Anakusikia yeye, mama. Mwenzi wake ndiye hajibu."

"Hajibu, hajibu! Na wewe je, si hukujibu? Nilisema umekufa?"

Tunu aliutazama mlango wake.

"Nilikwenda ng'ambo kwa Mama Hiza," Bi Zawena aliendelea, hasira zikianza kumpoa. "Nikamwuliza, Tunu yupo? Akasema yupo, amechukua chai, kikombe hakijarudi. Basi nikajua yumo, ana shughuli. Nikaja nikakaa."

Ng'ambo ya uwanja, Mama Hiza muuza chai alikuwa akisuuza vikombe kwenye beseni lake la bluu. Kila ofisi ya mtaa ule ilichukua chai kwake na kurudisha kikombe baadaye, na yeye hakuwahi kuandika popote. Aliitazama tu rafu yake, akajua nani amekwenda safari, nani ana wageni, nani ameamka na homa. Watu wakimtafuta mtu walikuwa wanaanzia pale.

Tunu alimshika Bi Zawena mkono, akaubusu kama mtoto, akakimbia ndani bila kuaga.

Mwenzi hakai peke yake. Tunu alilijua hilo siku zote na hakuwahi kulitumia. Kando ya kila mwenzi huishi programu ndogo za kumhudumia. Ipo sikio, inayomletea sauti za nje. Ipo ghala, inayomwazima maneno na kuyapokea akimaliza. Ipo kinywa, inayochukua yaliyokamilika ikayapeleka midomoni. Hizi hazijui mtu anasema nini. Zinachojua ni kama mzigo umekuja, umetoka au haujarudi. Ukiziuliza huchungulii nyumba ya mtu. Unamwuliza jirani kama moshi unaonekana jikoni.

Kwa haraka alikosea amri, akajitukana, akaandika tena. Aliita amri mpya "jirani", kwa kuwa hakuwa na muda wa kutafuta jina la kitaalamu. Akaielekeza kwa Hoza.

Sikio likajibu kwanza: anachukua kila ninachomletea.

Tunu alisimama bila kujua amesimama. Yumo! Mwenzi wa mzee yumo, amekaa mle anasikia kila kitu, pamoja na wao waliokuwa wakisimama miguuni pa mzee kumwita mfu.

Kinywa kikajibu: hajaniletea kitu.

Halafu ghala, na ghala halikunyamaza. Ameazima mzigo mkubwa. Amerudisha. Ameazima ule ule. Amerudisha. Ameazima ule ule. Mistari ilijaa skrini ikapanda juu ikapotea, na mingine ikaja, yote sawa. Mtu gani anaazima chungu kutwa, na kila akikitenga mekoni anakiepua akakirudisha kwa mwenyewe?

Alifungua doria upande wa pili wa skrini, akaziweka zote mbili zitembee pamoja. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ghala: amerudisha. Doria ikaandika mfu, ikapita kwa mwingine. Ghala: ameazima ule ule. Doria ikazunguka, ikarudi. Hodi.

"Toba," Tunu alisema polepole.

Alielewa. Kila hodi ilipopigwa, mwenzi wa Hoza alitua kila alichobeba ili aende mlangoni. Wenzi wachanga, wenye maneno machache, walitua upesi wakajibu. Huyu alikuwa mwenzi wa dalali. Alikuwa amebeba mnada mzima. Akimaliza kutua na kufika mlangoni, hodi ya tatu ilishapita, doria imeshaandika mfu na haisikilizi tena. Akirudi kubeba, inabisha ya nne. Akitua, ya tano. Doria ya zamani ilikuwa ikipita kwa nadra, akawa anapata nafasi ya kumaliza. Hii mpya haikumpa hata ya kuvuta pumzi, na kazi ambayo haikumalizika ikarundikana, ndiyo maana alikula mashine kupita wote. Homa haikumnyamazisha mzee. Ilitokea tu wiki moja na keki ya doria mpya.

Bibi yake alimfundisha hodi tatu. Alimfundisha pia kwamba baada ya ya tatu unaondoka. Hilo Tunu alikuwa amelisahau, kwa jinsi alivyokuwa na haraka ya kuwa mwema.

Alimkuta Daktari Mbelwa akinawa mikono, glavu zimeandaliwa. Alimweleza haraka haraka, akirukia maneno, na Daktari hakumkatiza.

"Unataka nini?"

"Tuzime hodi. Kwa wote, kwa sababu inazunguka pamoja. Tumwache amalize. Akimaliza, mzigo utapungua, na naamini wengine nao wamevimba kidogo kidogo kwa kusumbuliwa. Nafasi ya Elineema itapatikana bila kumfuta mtu."

"Unaamini."

"Naamini, Daktari. Sijui."

"Ukizima hodi, doria inakuwa kipofu. Mwenzi wa mtu akikwama au akizimika hatutajua. Umemsahau Bi Mkunde?"

"Sijamsahau hata siku moja." Tunu alielekeza kidole wodini. "Tutakaa nao. Kila kitanda na mtu wake. Wauguzi, ndugu, wapishi, mimi. Waongee nao. Atakayenyamaza tutamwona kwa macho."

Daktari alikausha mikono, kidole kimoja kimoja. "Na kama umekosea? Hoza asipomaliza mpaka dawa ikaisha? Nitakuwa nimempoteza binti mwenye maisha mbele yake kwa ajili ya mzee, kwa kuwa wewe uliniomba. Nani atamwambia?"

"Mimi."

"Basi kamwambie sasa. Siyo baadaye. Kama huwezi kumtazama usoni sasa hivi, jibu tunalo."

Ilikuwa haki, na ilikuwa nzito kupita kazi yoyote aliyowahi kupewa. Elineema alikuwa ameegemea mito, nywele zimenyolewa tayari, mama yake akimpepea kwa bahasha ya picha za kichwa. Tunu alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuyapamba maneno. Alimwambia yupo mzee amekaa mahali pake, na mashine ilisema amekufa, na mashine iliongopa kwa sababu yake yeye Tunu. Alimwambia wanataka kungoja. Alimwambia kungoja kunaweza kumgharimu sauti yake.

"Sikuombi ruhusa," alisema. "Si haki nikutwishe hilo. Nimekuja tu ili usiamuliwe nyuma ya mgongo wako."

Mama yake alianza kulia. Elineema alimtazama Tunu kwa yale macho ya kuongea, na hasira ilikuwemo, wala hakuificha. Midomo yake ilijaribu kitu, ikashindwa. Kisha akainua mkono akamkamata Tunu sikio, akalivuta kwa nguvu kama walimu wanavyowavuta watoto watundu. Alipoliachia, alielekeza kidole kwenye mlango: nenda, fanya haraka.

Tunu alikwenda huku sikio likimuuma, na hakuwa amewahi kushukuru maumivu namna ile.

Walizima hodi jua likiwa limeanza kuegemea magharibi. Kwenye skrini, safu yote ya hali za wenzi ikawa kijivu, haijulikani, haijulikani, haijulikani, mpaka chini. Kisha Nyumba ya Wenzi ikajaa kelele ambazo haikuwahi kuwa nazo. Mpishi alikaa na Bi Mkunde wakabishana kuhusu namna ya kupika kishumba, chakula cha Wasambaa. Mlinzi wa geti alikuwa na kijana wa pikipiki, wanasutana kuhusu mpira. Mama Hiza aliacha beseni lake akaja na birika zima, akapewa kitanda cha tatu, akaanza kumhoji mgonjwa ukoo wake wote. Hakuna aliyenyamaza, na Daktari Mbelwa alipita katikati yao, kwa mara ya kwanza akakaa kwenye kiti.

Tunu alikaa na Bi Zawena kwa Hoza, kompyuta mapajani, amri ya jirani inatembea. Hoza alitazama dari. Mkono wake mzima ulishika ukingo wa shuka.

Ghala: ameazima mzigo mkubwa.

Walingoja. Bi Zawena alimsimulia mumewe habari za shamba, mapeasi yaliyoiva, mbuzi wa jirani aliyekula maharage. Tunu hakuondoa macho kwenye mstari ule. Hajarudisha. Bado hajarudisha. Alitamani kumbishia hodi moja tu, ndogo, ya kumtia moyo, na ilibidi akalie viganja vyake.

Daktari alisimama mlangoni. "Tunu. Dawa."

"Kidogo tu, Daktari."

"Sina kidogo."

Kinywa: ameniletea.

Koo la Hoza lilikwaruza. Kidevu kikatetemeka, uso ukakunjamana kama wa mtu anayeinua gunia, na sauti ikatoka, ya kukauka, ya kutu, ila ya Soni hasa.

"Nakuja! Nimesema nakuja! Ni nani huyo anabisha hodi mwezi mzima kama nyumba inaungua? Mtu hata shuka hajajifunga!"

Bi Zawena alipiga ukelele uliosikika mpaka getini. Alimwangukia mumewe kifuani, akimpiga piga begani huku analia na kucheka. "Alaa! Kumbe ulikuwemo!"

"Niende wapi?" Hoza alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka kuelekea masikioni, na hakuwa na habari nayo. "Niende wapi, Zawena, nawe uko hapa? Na huo uji, nani kaupika? Nimetaka kusema tangu lini, hauna sukari!"

Akaendelea. Loo, jinsi alivyoendelea! Mambo yote aliyoyasikia mwezi mzima na kushindwa kuyajibu, sasa aliyajibu kwa zamu, moja baada ya jingine. Alimjibu muuguzi aliyedharau timu yake. Alimjibu Daktari kuhusu nani hasa ndiye mfu. Na kila alipojibu jambo, mzigo mmoja ulirudi ghalani ukakaa, na ulaji wake ukashuka. Tunu aliutazama ukishuka, na wa vitanda vingine ukishuka nyuma yake, kwa kidogo kidogo, mpaka nafasi ikafunguka kwenye mashine. Haikuwa kubwa. Alipima, akapima tena kwa sababu macho yalikuwa na ukungu.

"Inatosha," alisema. "Daktari, inatosha!"

Daktari Mbelwa alikuwa ameshaondoka. Vilisikika viatu vyake tu, vinakwenda mbio kuelekea chumba cha upasuaji, na sauti yake ikimwita mtu alete glavu.

Doria iliandikwa upya tangu msingi. Siku hizi inabisha hodi tatu, na asipoitika mtu haiandiki mfu. Inakwenda kwa majirani, inauliza kama kuna mzigo ulioazimwa haujarudi, na kama upo, inaandika tu: yumo, ana shughuli. Kisha inaondoka, ikiuacha mlango wazi kwa jibu litakalochelewa. Majirani wote wakikosa habari, haifuti kitu. Inamwita mtu aende kitandani akaone kwa macho. Kabati la mashine lilipofika kutoka Mombo, Tunu aliliandika sharti hilo la kwenda kitandani kwenye kanuni za kituo, na kuna waliolalamika kwamba linachelewesha kazi. Hoza aliwajibu kwa niaba yake, na hawakulalamika tena.

Mwenzi wa Elineema alikuwa mchanga, hajui kitu, kama wote wanavyoanza. Majuma yalipita akiwa kimya. Doria iliandika yumo, ana shughuli, na Tunu alijizuia kuuliza zaidi.

Asubuhi moja ya ukungu alichukua vikombe viwili kwa Mama Hiza, akavuka uwanja mpaka chumba cha mwisho, cha Elineema. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mikono ilikuwa imejaa, akasimama nje.

"Hodi," alisema.

Kimya. Kitanda kilisikika kikijongea. Tunu alijua anasikiwa. Alikuwa na ya pili ulimini, akaimeza. Chai ilianza kutoa moshi haba, ukungu ukapita, muuguzi akapita akamtazama kwa mshangao, na Tunu akatikisa kichwa: mwache.

"Ka," ilisema sauti ndani.

Ilikuwa nyembamba, ngeni, ya mtu anayejaribu kiatu kipya. Tunu alijua neno linalofuata. Mtu yeyote angelijua, na mdomo wake mwenyewe ulikuwa umeshajipanga kumsaidia kulimalizia. Akaufunga.

Aliegemea ukuta, vikombe mkononi, akamngoja.